Kilatini cha Mtaa wa M

Mwaka 1903 padri mmoja Mfaransa, Félix Klein, alikuwa akizuru Marekani. Alipofika Washington aliingia katika shule ya sekondari ya watoto weusi iliyokuwa Mtaa wa M, kaskazini-magharibi mwa jiji, akakaribishwa darasani. Aliyekuwa akifundisha ni mwalimu mkuu mwenyewe, Anna Julia Cooper, mjane wa miaka arubaini na kitu, aliyezaliwa utumwani huko Raleigh, North Carolina. Wanafunzi walikuwa wakisoma utenzi wa Virgil juu ya safari za Aeneas, kwa Kilatini. Padri wa Kikatoliki wa zama zile alikijua Kilatini kama fundi ajuavyo vyombo vyake, kwa hiyo hapakuwa na wa kumfumba macho. Aliporudi kwao aliandika kitabu juu ya safari yake, na mle ndani akalisifu darasa lile na mwalimu wake.

Nimelisoma tukio hilo mara nyingi, na kila mara nawafikiria wale watoto. Serikali ya jiji ilikuwa inawalipia masomo. Wazazi wao wengi walikuwa vibarua, wahudumu, madobi na makarani wa ngazi ya chini. Na bado mlango waliokuwa wakiusogelea ni ule ule wa Harvard, Yale na Amherst ambao watoto wa matajiri wa New England walikuwa wakiusogelea kwa karo kubwa.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nilianza kazi katika shule ya kutwa Mombasa, na sasa nafundisha katika shule ya umma hapa Washington. Jiji hili na vitongoji vyake vya Maryland vina Waswahili wengi: watu wa Mombasa na Malindi, wa Tanga, wa Unguja, wa Bukavu. Kila ufikapo msimu wa bahati nasibu ya kugawa nafasi za shule, simu yangu haipoi. Wazazi wanaogopa shule za umma za mjini. Wameambiwa kwamba mtoto akisoma huko amekwisha, hatafika chuo cha maana, bora wahamie mbali kwenye nyumba wasizoweza kuzilipia. Jibu langu kwao huanzia Mtaa wa M, na wengine hukereka kwa kuwa walitaka jina la shule tu nami nawapa historia. Lakini swali lao lilikwisha kujibiwa katika jiji hili hili kwa zaidi ya miaka themanini, na iliyolijibu ni shule ya umma.

Ilianza mwaka 1870 chini ya kanisa la Presbyterian la Mtaa wa 15, katika vyumba vya msingi wa jengo. Bunge la Marekani lilikuwa limefuta utumwa katika Washington mwaka 1862 tu. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na minne aliyeingia darasa lile la kwanza huenda alizaliwa mali ya mtu. Mara nyingi hutajwa kuwa sekondari ya kwanza ya umma kwa watu weusi katika nchi nzima. Ilihamahama: ikapelekwa Shule ya Stevens, kisha Shule ya Sumner, kisha jengo la Miner, mpaka 1891 ilipojengewa nyumba yake Mtaa wa M na kuitwa kwa jina la mtaa huo.

Tazama waliokabidhiwa shule hii ilipokuwa bado haina hata jengo lake. Mary Jane Patterson, mwanamke mweusi wa kwanza nchini kupata shahada ya kwanza ya chuo, aliyoipata Oberlin mwaka 1862. Baada yake kwa mwaka mmoja akaja Richard Greener, mweusi wa kwanza kuhitimu Harvard, darasa la 1870. Kisha Patterson akarudi na kuiongoza mpaka 1884. Baadaye akaja Robert Terrell, naye wa Harvard. Cooper mwenyewe alikuwa wa Oberlin, 1884. Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Kabla shule haijawa na maabara wala uwanja wa michezo, ilikuwa na watu waliokwisha kupita njia ambayo watoto walitakiwa kuipita.

Kwa nini watu wa namna hiyo wafundishe sekondari? Hapa ndipo uchungu wa habari hii ulipo. Mweusi aliyetoka Harvard na shahada ya juu hakuajiriwa kufundisha Harvard, wala Yale, wala chuo chochote cha wazungu. Makampuni hayakumtaka. Ofisi za serikali, hasa baada ya Rais Woodrow Wilson kuingia madarakani mwaka 1913, zilizidi kuwatenga watu weusi. Palibaki vyuo vichache vya weusi, na palibaki Mtaa wa M. Na Mtaa wa M ulikuwa na jambo moja ambalo shule za weusi za kusini hazikuwa nalo: fedha za Washington zilipitishwa na Bunge la Marekani, na mwalimu mweusi alilipwa mshahara sawa na wa mweupe. Basi wakaja. Mwanahistoria Carter G. Woodson alifundisha pale huku akiandika tasnifu yake ya udaktari, aliyoimaliza Harvard mwaka 1912. Jessie Fauset, aliyehitimu Cornell mwaka 1905 na baadaye akawa mwandishi wa riwaya mashuhuri, alifundisha pale Kifaransa na Kilatini kwa miaka mingi. Mwaka 1921 wanawake weusi watatu walipata udaktari wa falsafa, wa kwanza katika historia ya Marekani: Georgiana Simpson huko Chicago, Sadie Alexander huko Pennsylvania, na Eva Dykes huko Radcliffe. Wote watatu walikuwa na uhusiano na shule hii. Alexander na Dykes walisoma pale, Simpson na Dykes wakafundisha pale.

Kwa hiyo mtoto wa dobi alifundishwa lugha na mtu ambaye, kama nchi ingekuwa na haki, angekuwa profesa. Nchi haikuwa na haki, na mtoto wa dobi akafaidika na dhuluma aliyotendewa mwalimu wake. Sijui namna ya kulisema hilo kwa wepesi, wala sitaki kulisema kwa wepesi.

Sasa turudi kwenye Kilatini, maana wapo wasomaji watakaouliza kilikuwa na faida gani kwa watoto wa vibarua. Siku hizo Kilatini kilikuwa ufunguo. Chuo kama Amherst au Yale hakikumpokea kijana kusomea shahada ya sanaa kama hakuwa na miaka kadhaa ya Kilatini, na penginepo Kigiriki juu yake. Ukikiondoa kwenye ratiba ya shule, huna haja ya kuandika tangazo kwamba weusi hawaruhusiwi. Mlango umekwisha kufungwa, na mtoto atafikiri hakufika kwa uvivu wake.

Nimefundisha watoto wa miaka kumi na saba kwa muda mrefu, kwa hiyo naweza kuiona kazi yenyewe ilivyokuwa. Mtoto anasimama. Anausoma mstari kwa sauti, akifuata mizani yake. Kisha anaanza kuufungua. Kitenzi kiko mwisho kabisa. Mtenda yuko katikati, amejificha nyuma ya sifa zake. Neno lililo mwanzo limetiwa alama inayoonyesha kwamba ndilo linalotendwa. Anatakiwa ashike vipande vyote kichwani kwa wakati mmoja kabla hajatoa tafsiri, na akikosea mwalimu anamrudisha mwanzo bila kumkemea. Siku inayofuata, mistari mingine. Miaka minne. Mtoto aliyepikwa hivyo akitupwa katika ukumbi wa mihadhara wa Massachusetts ambamo hakuna hata sura moja inayofanana na yake, atakuta kazi anayoijua.

Kazi hiyo ilikuwa na wapinzani wenye nguvu. Mwaka 1902, mwaka aliopewa Cooper ukuu wa shule, jiji lilifungua shule nyingine ya weusi, Armstrong, ya kufundishia kazi za mikono. Kiongozi mweusi Booker T. Washington alikuwa kwenye kilele cha sifa zake, na wazo lake kwamba mweusi aanze na ufundi, mengine yatakuja baadaye, lilikuwa limewafurahisha wazungu wengi wenye fedha na vyeo. Cooper hakuwa adui wa ufundi, ila hakukubali uwe dari. Majira ya baridi ya 1902 kuelekea 1903 alimwalika msomi mweusi W.E.B. Du Bois azungumze shuleni, na Du Bois akasema waziwazi kwamba kuna hila ya kuwapunguzia watoto weusi elimu. Mkurugenzi wa sekondari za jiji, mzungu aitwaye Percy Hughes, hakupendezwa. Alitaka mtaala mwepesi zaidi kwa Mtaa wa M.

Mwaka 1905 Cooper akaburuzwa mbele ya Bodi ya Elimu. Mashitaka yalikuwa ya namna ambayo mwalimu yeyote aliyewahi kugombana na mkubwa wake atayatambua: ati amelegeza nidhamu, ati ametumia kitabu kisichoidhinishwa, ati anawahurumia wanafunzi dhaifu. Minong'ono juu ya maisha yake ya nyumbani ikatiwa juu kama chumvi. Wakati huo huo vijana wake walikuwa wakiingia Harvard, Brown, Yale, Dartmouth na Amherst. Mwaka 1906 bodi haikumrudisha kazini. Akaenda kufundisha Missouri, akarudi Mtaa wa M mwaka 1910 kama mwalimu wa kawaida wa Kilatini, akakaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 1930. Katikati ya hapo alichukua watoto watano waliofiwa, wajukuu wa ndugu yake, akawalea, na mwaka 1925 akapata udaktari Sorbonne, Paris, akiwa na miaka zaidi ya sitini. Alifariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 105.

Kiti walimpokonya. Kilatini hakikuondoka. Waliomfuata katika ukuu waliushika mtaala ule ule, na hilo kwangu ndilo tendo kubwa kuliko yote katika historia ya shule hii.

Hapa nina jambo linalonihusu kwa damu. Mwaka 1917 Ofisi ya Elimu ya Marekani, hapo hapo Washington, ilichapisha ripoti kubwa ya juzuu mbili juu ya elimu ya watu weusi. Mtungaji wake, Thomas Jesse Jones, alikuwa amefundisha chuo cha weusi cha Hampton, kitovu cha falsafa ya kazi za mikono, na alipendekeza shule za weusi zishike mkondo huo. Du Bois aliipinga ripoti hiyo kwa maandishi makali, na Woodson naye alimpinga Jones. Miaka saba baadaye, 1924, Jones huyo huyo alitua Afrika Mashariki akiongoza kamisheni ya mfuko wa Phelps-Stokes. Walipita Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar wakikagua shule. James Aggrey wa Gold Coast alikuwa pamoja nao, na hotuba zake ziliwagusa watu wetu. Kamisheni ilifanya mema yake. Iliwaambia wakoloni kinagaubaga kwamba hawatumii fedha za kutosha kwa elimu ya Mwafrika. Lakini dawa waliyoiandika ilikuwa ile ile ya Hampton. Mwaka 1925 ikafunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, ya kuwaandaa walimu watakaozunguka vijijini kufundisha kilimo, usafi na kazi za mikono.

Babu yangu mzaa mama alisoma shule ya misheni katika miaka hiyo. Alifundishwa kusoma, kuandika barua na useremala. Alikuwa seremala hodari. Kabati la nguo alilomtengenezea bibi liko nyumbani mpaka leo na mlango wake haujalegea. Alikuwa pia mtu aliyekokotoa hesabu za mbao kichwani haraka kuliko wanawe waliofika kidato cha nne. Hakuna aliyewahi kumwonyesha aljebra. Nilipolikuta jina la Jones katika historia ya Washington, kisha nikalikuta tena katika historia ya kwetu, nilielewa kwamba kile kilichokataliwa Mtaa wa M ndicho kilichompata babu.

Mwaka 1916 shule ilihamia jengo jipya lililogharimu zaidi ya nusu milioni ya dola, ikapewa jina la mshairi Paul Laurence Dunbar, aliyekuwa amefariki miaka kumi kabla. Kwa jina hilo ndipo sifa zake zilipovuka mipaka. Amherst ndiko njia ilikotengenezwa vizuri zaidi. Charles Hamilton Houston, mwanasheria wa baadaye, alimaliza Mtaa wa M mwaka 1911 akiwa na miaka kumi na mitano, akaenda Amherst, akawa mweusi pekee katika darasa lake, akahitimu mwaka 1915 kwa heshima za juu. Nyuma yake wakaja William Hastie, aliyekuwa wa kwanza katika darasa lake Dunbar na wa kwanza tena Amherst, na baadaye jaji wa kwanza mweusi wa mahakama za serikali kuu. Na daktari Montague Cobb. Na Charles Drew, ambaye utafiti wake uliendeleza sana njia za kuhifadhi damu. Mwanauchumi Thomas Sowell, aliyeichunguza shule hii katika miaka ya 1970, alihesabu wanafunzi 34 wa shule hii waliopokelewa Amherst kati ya 1892 na 1954. Karibu robo tatu yao walihitimu, na zaidi ya robo ya hao waliohitimu walipata Phi Beta Kappa, heshima ya wanafunzi bora kabisa wa Marekani.

Sowell alipekua pia kazi za wazazi wa mwaka wa masomo wa 1892 na 1893. Kati ya wazazi ambao kazi zao zilijulikana, vibarua walikuwa 51 na daktari alikuwa mmoja. Alieleza pia kwamba mwaka 1899, sekondari za Washington zilipopewa mtihani mmoja, Mtaa wa M ulizishinda mbili kati ya shule tatu za wazungu. Ninampa shukrani kwa kuzitoa takwimu hizi kwenye makabrasha. Siendi naye anapozitumia kuonyesha kwamba fedha na usawa mbele ya sheria si mambo makubwa sana katika elimu. Mshahara sawa ulikuwa fedha. Jengo la nusu milioni lilikuwa fedha.

Waliotajwa sana ni wanaume, kwa hiyo nitakaa kidogo na wanawake wawili wa hesabu. Euphemia Lofton Haynes alimaliza Mtaa wa M mwaka 1907. Alikuwa mwanafunzi pale Cooper alipokuwa akishitakiwa, aliyaona. Akaenda Chuo cha Smith huko Massachusetts, akahitimu 1914, na mwaka 1943 akawa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kupata udaktari wa hesabu. Wa pili, mwaka 1949, ni Evelyn Boyd Granville. Huyu alimaliza Dunbar mwaka 1941. Mmoja wa walimu wake wa hesabu alikuwa Mary Cromwell, na dada yake Mary, Otelia Cromwell, alikuwa mweusi wa kwanza kuhitimu Smith, mwaka 1900, akarudi kufundisha Mtaa wa M. Kwa hiyo binti huyu aliposikia habari za Smith hakuzisikia kwa tangazo. Alizisikia kutoka nyumba ambayo imekwisha kutuma mtu na kumpokea akirudi. Mama yake na mama yake mdogo, waliokuwa pacha na wafanyakazi wa kiwanda cha serikali cha kuchapa noti na stempu, walichanga fedha za mwaka wa kwanza. Akahitimu Smith 1945 na kuchukua udaktari wake Yale. Shule moja ya umma, wanawake weusi wawili wa kwanza wa nchi nzima katika hesabu za juu.

Nimeulizwa na Wamarekani weusi wenzangu kazini kama nayajua yale mengine ya Dunbar. Nayajua. Ilinong'onwa, na wengine waliapa, kwamba mtoto mwenye rangi nyeusi iliyokoza hakujisikia nyumbani pale kama wenzake weupeweupe, na kwamba familia za madaktari na wanasheria zilijiona wao ndio wenye shule. Watu wanaoheshimika wamesimulia hivyo juu ya maisha yao, na sina haki ya kuwafuta. Na kubwa zaidi, Dunbar ilikuwa moja. Mwaka 1947 shule ya kati ya Browne, ya watoto weusi, ilikuwa imejaa hata wanafunzi wakasoma kwa zamu. Wazazi wakagoma wakiongozwa na kinyozi aitwaye Gardner Bishop. Bishop hakuwapenda wakubwa weusi wa Washington. Aliwaona wanamtazama juu mpaka chini. Hata hivyo alimwendea mmoja wao, Charles Houston, na Houston akaichukua kesi yake bila kumdai ada.

Houston aliugua kabla kazi hiyo haijafika mwisho, akaikabidhi kwa mwanasheria mwenzake James Nabrit, akafariki mwaka 1950. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Bolling dhidi ya Sharpe iliyoendeshwa na Nabrit, kwamba kutenga watoto kwa rangi katika shule za Washington ni kinyume cha katiba. Dunbar, iliyokuwa ikichukua watoto weusi kutoka jiji zima, ikawa shule ya mtaa wake. Walimu vijana wenye shahada kubwa walianza kupata kazi vyuoni na serikalini, mahali walipostahili kuwa tangu mwanzo. Wazungu wakahamia vitongojini, na baada yao weusi wenye uwezo. Ndani ya miaka michache shule haikutambulikana.

Nimewahi kuona watu wakiyasimulia haya kwa namna inayomfanya msikilizaji aulaumu uamuzi wa 1954. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto wa Browne aliyesoma kwa zamu hakuwa na deni la kubaki kwenye zamu ili Dunbar ibaki na walimu wake. Lililoharibu lilitengenezwa baadaye, ofisini, kwa kalamu. Mwaka 1956 jiji lilianza kuwagawa wanafunzi wa sekondari katika mikondo minne, kuanzia wa heshima mpaka wa msingi, na watoto weusi na maskini wakarundikwa katika mikondo ya chini. Aliyekuwa mkondo wa chini hakupangiwa hesabu wala lugha ambazo chuo kingezidai. Msomaji ameshaitambua kazi ya Percy Hughes.

Na aliyesimama dhidi yake ni nani? Euphemia Haynes, yule wa darasa la 1907. Alikuwa amefundisha katika shule za Washington miaka 47. Alistaafu, akaingia Bodi ya Elimu, bodi ile ile iliyomfukuza Cooper, na mwaka 1966 akawa mwenyekiti wake. Alisema hadharani kwamba mikondo ile ni ubaguzi. Mwaka 1967 Jaji Skelly Wright, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Julius Hobson, aliamuru ikomeshwe.

Jengo la 1916 lilibomolewa mwaka 1977 licha ya wahitimu kulipigania, na lililoijaza nafasi yake nalo likabomolewa. La sasa lilifunguliwa 2013, zuri, lenye mwanga, na majina ya wahitimu mashuhuri yametiwa sakafuni. Jiji limejaribu pia njia nyingine: shule za umma za kuomba nafasi kama Banneker na School Without Walls zinapeleka watoto vyuo vikubwa kila mwaka. Kwingineko, ukaguzi ulioamriwa na jiji na kutolewa Januari 2018 ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya kila wahitimu watatu wa mwaka 2017 alipewa cheti kinyume cha kanuni, wengi wao kwa kukosa masomo siku nyingi mno. Walimu walikuwa wamesukumwa wawapitishe. Ninaowajua waliolia siku ile hawakulia kwa aibu ya magazeti. Walilia kwa kuwa walijua chuo kitawafanya nini watoto wale ifikapo Oktoba.

Basi mwezi uliopita mama mmoja wa Tanga, ambaye ananiita Mwalimu ingawa tu rika moja, alinipigia. Binti yake ana miaka kumi na tatu, anapenda hesabu, na amepata nafasi katika shule mbili za umma. Akaniuliza, "Mwalimu, ipi itamfikisha?" Nikamwambia aende zote mbili, asiulize wangapi wamepokelewa chuo, maana siku hizi kupokelewa chuo fulani si kazi. Aulize kama kalkulasi inafundishwa mwaka huu, si kwenye karatasi bali darasani, na watoto wangapi wamo. Aulize anayeifundisha ni nani, amesoma wapi, na amekaa hapo miaka mingapi. Aulize aljebra inaanza lini kwa mtoto aliyeingia bila msingi, kwa sababu asiyeianza mapema haifikii kalkulasi kabla ya kumaliza. Kalkulasi ndiyo Kilatini cha sasa. Vyuo vikubwa vinaitazama hata visipoidai.

Shule ya kwanza, yenye jina, ilimwambia mwalimu wa kalkulasi aliondoka Novemba na darasa linaendeshwa kwa kompyuta. Ya pili, ambayo majirani zake walimwonya asiikaribie, ilimpeleka moja kwa moja kwa mwalimu wa hesabu, mwanamke wa makamo aliyeko hapo tangu jengo la zamani. Mwalimu yule alimpa binti tatizo la kukokotoa kabla hajamwuliza jina. Wamemwandikisha hapo, na Jumamosi ananiletea nimsaidie insha.